Majibu ya CT skani ya kichwa ya bibi (miaka 78): ubongo umesinyaa, vidoa vya chokaa, kovu la kiharusi. Lipi ndilo tatizo?

#1 Mjukuu wa Masoko
Habari za humu wakuu. Bibi yetu ana miaka 78, anaishi Masoko, Rungwe. Amepigwa CT skani ya kichwa Mbeya mjini, tumekabidhiwa ripoti na CD, daktari tutamwona wiki ijayo. Kwa Kiswahili chepesi ripoti inasema hivi:

Ubongo umesinyaa kiasi, unalingana na umri. Vyumba vya maji ya ubongo vimepanuka. Pembezoni mwa vyumba hivyo, pande zote mbili, kuna weusi hafifu unaoashiria ugonjwa wa mishipa midogo. Kuna kovu la kiharusi cha zamani, milimita 8, ndani upande wa kushoto. Kuna vidoa 3 vya chokaa, kikubwa kina milimita 4. Hakuna damu iliyovuja, hakuna uvimbe, mstari wa kati (unaogawa nusu mbili za ubongo) haujasogea.

Dalili: miezi kadhaa sasa anasahau, anatembea kwa kukokota miguu, mkojo unamtoka kabla hajafika chooni. Usiku pia anachanganyikiwa. Aliteleza akaanguka wiki 2 kabla ya kipimo. Presha anayo siku nyingi. Dawa (kwa miligramu) ni amlodipine 10 na bendro (bendroflumethiazide) 5 za presha, na amitriptyline 25 ya usiku kwa ajili ya miguu kuwaka moto.

Kati ya hayo yote, lipi linamsumbua? Familia imegawanyika, wengine wanasema ni uzee, aachwe apumzike.

#2 Kihesa
Pole kwa kuuguza. Anza kusoma mwisho wa ripoti. Damu, uvimbe, mstari wa kati: hayo matatu ndiyo yangewapeleka wodini usiku huohuo, na yote hayapo. Yaliyobaki ni ya kliniki.

Kusinyaa si ugonjwa kwa jina hilo. Ubongo wa kila mtu hupungua ujazo taratibu kwa umri, zaidi akishavuka miaka 60. CT inaonyesha umbo, haionyeshi kumbukumbu. Wapo wazee ambao picha zao zinatisha na bado wanajua kila debe la mahindi lililotoka ghalani, na wapo wenye picha safi wasiowatambua watoto wao. "Unalingana na umri" maana yake msomaji wa picha hakuona cha kumshangaza kwenye ukubwa wa ubongo. Haina maana kwamba dalili za bibi ni za uzee. Mzee kutokwa na mkojo na kukokota miguu ni ugonjwa unaotafutiwa sababu. Waambieni hao wanaotaka aachwe.

#3 Filamu Nyeusi
Kwa watakaofungua CD wenyewe. CT inapima jinsi kila kipande kinavyozuia mionzi na kukipa namba, vipimo vilivyopewa jina la Godfrey Hounsfield, aliyepata Nobeli mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack wa Afrika Kusini. Maji ni 0, hewa ni -1000. Maji ya ubongo huwa 0 hadi 15. Sehemu ya ndani ya ubongo 20 hadi 30, ganda la nje 35 hadi 45. Damu mbichi 50 hadi 80. Chokaa huanzia 100 na kuendelea, mfupa unapanda hadi mamia na kupita 1000. Namba kubwa huonekana nyeupe, ndogo nyeusi. Kwa hiyo kovu la zamani ni jeusi kwa sababu limejaa maji, na kidoa cha chokaa ni cheupe kama damu. Ukitaka kuvitofautisha weka kishale juu yake usome namba.

Upande wa kushoto wa picha ni upande wa KULIA wa mgonjwa. Hapa ndipo ndugu wengi wanapogombana na ripoti bure.

Jingine: vipande vya kawaida vya kichwa huwa na unene wa kama milimita 5. Kitu cha milimita 3 kinaweza kumezwa katikati ya kipande. "Hakijaonekana" na "hakipo" ni vitu viwili.

#4 Isyesye
Mimi naliangalia lile kovu la milimita 8. Makovu ya milimita 3 hadi 15 sehemu za ndani ni viharusi vidogo, na chanzo chake kikubwa ni presha inayokomaza kuta za vimishipa vyembamba. Vingi havileti kupooza, mtu anaamka na siku inaendelea. Ule weusi hafifu pembezoni mwa vyumba vya maji ni ugonjwa uleule ulioenea. Viwili hivyo pamoja vinatosha kuleta kusahau, kuwa mzito wa kufikiri, mwendo wa kukokota, hata mkojo. Mwombeni daktari awape daraja la Fazekas, yaani kiasi cha weusi huo, 0 hadi 3. Daraja la 1 lipo kwa wazee wengi sana. La 3 ni habari nyingine.

Kwa hali hiyo tiba ni presha idhibitiwe, sukari na lehemu zipimwe, na daktari aamue kuhusu aspirini 75.

#5 Mafinga
Mnapita juu ya jambo kubwa. Vidoa 3 vya chokaa, Nyanda za Juu Kusini, nguruwe wanazurura vijijini. Huyo ni tegu wa kitimoto kichwani. Mpeni albendazole mapema.

#6 Filamu Nyeusi
Mafinga, nusu umepatia, ila nusu ya pili inaweza kuua mtu. Naomba tuisahihishe kabla haijasambazwa.

Ukila nyama ya nguruwe yenye malengelenge ambayo haijaiva, unapata tegu wa TUMBONI. Huyo anatoa mayai kwenye kinyesi. Anayepata vifuko vya mabuu ya tegu kichwani ni yule anayemeza MAYAI: kupitia mikono isiyonawa, mboga mbichi, maji, au mwenzake wa nyumbani mwenye tegu anayepika bila kunawa. Kwa hiyo hata asiyeonja kitimoto maisha yake yote anaweza kuwa na vifuko kichwani. Anayehitaji dawa ya minyoo ya tumbo ni huyo anayeishi naye.

Pili, chokaa maana yake mdudu amekwisha kufa. Albendazole haina cha kumfanyia. Inatumika kwa vifuko vilivyo hai, vile vya mviringo vyenye maji na nukta ndani, na hapo pia hutanguliwa na dawa za kupunguza uvimbe kama prednisolone au dexamethasone, baada ya macho kuchunguzwa. Ukiua vifuko vingi kwa mpigo bila kinga hiyo, ubongo unavimba, degedege zinaanza. Praziquantel, dawa nyingine ya tegu, nayo iko hivyohivyo.

Tatu, si kila chokaa ni tegu. Tezi ya pineali katikati kabisa, vishada vinavyotengeneza maji ndani ya vyumba, na viini vya ndani pande zote mbili hushika chokaa kwa umri tu. Mleta mada, vidoa viko wapi?

#7 Mjukuu wa Masoko
Nimerudi kwenye ripoti. Kimoja kiko katikati kwa nyuma, ndiyo hiyo pineali. Viwili viko karibu na ganda la nje, kimoja mbele kushoto, kingine juu kulia. Degedege au kifafa hajawahi.

#8 Filamu Nyeusi
Basi cha katikati kifutwe kwenye orodha. Viwili vya nje vinaweza kabisa kuwa makovu ya tegu. Bila degedege vinaandikwa kwenye faili na kuachwa. Akianza kukakamaa upande mmoja au kupotewa na fahamu kwa dakika chache, hapo vinakuwa mada, na tiba yake ni dawa ya kifafa.

#9 Uwemba
Ndugu zangu, someni dalili za namba 1 upya. Miguu inakokota kama imegandia sakafuni, mkojo, kusahau. Na vyumba vya maji vimepanuka. Utatu huo ulielezwa na Hakim na Adams mwaka 1965: maji ya ubongo kujaa bila shinikizo kupanda sana. Ni miongoni mwa sababu chache za usahaulivu zinazoweza kupungua kwa upasuaji, kwa kuweka mrija wa kuyatoa maji ubongoni hadi tumboni.

Pimeni wenyewe kwenye CD. Tafuta kipande ambacho pembe za mbele za vyumba vya maji ni pana kuliko kwingine. Pima upana wake kutoka kushoto hadi kulia. Kwenye kipande hichohicho pima upana mkubwa wa ndani ya fuvu, mfupa usiuhesabu. Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Mfano milimita 44 kwa 132 ni 0.33. Ikizidi 0.3 vyumba vimepanuka kweli.

#10 Kihesa
Uwemba, kipimo hicho ni sahihi ila hakitenganishi. Ubongo ukisinyaa, maji yanajaza nafasi iliyoachwa, na 0.3 inapitwa bila ugonjwa wa Hakim. Tazama vipande vya JUU kabisa, karibu na utosi. Kama mifereji ya ubongo (mabonde ya uso wake) pale imebanana wakati vyumba vya chini na mifereji mikubwa ya pembeni imepanuka, nakubaliana nawe. Kama mifereji imepanuka kila mahali kwa usawa, ni kusinyaa. Mteknolojia anaweza pia kuzipanga upya picha zionekane kwa mbele, apime pembe kati ya vyumba viwili chini ya daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo: ikiwa chini ya nyuzi 90 inaelekea kwako.

Kwenye picha hizohizo za mbele atazame na hipokampasi, sehemu za ubongo za kumbukumbu. Zikiwa zimesinyaa kupita sehemu nyingine, basi Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, inaingia kwenye mjadala, na hakuna aliyeitaja mpaka sasa.

#11 Ruanda
Wote mnasoma picha. Hakuna anayesoma orodha ya dawa?

Amitriptyline 25 kwa mtu wa miaka 78. Dawa hiyo inazuia kemikali ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, inachanganya usiku, inakausha mdomo, inabana mkojo mpaka kibofu kinajaa na kumwagika, inashusha presha akisimama. Kama anameza na vidonge vya mafua vya Piriton kutoka duka la dawa, navyo vinafanya kazi ileile. Bendro nayo inaweza kushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu, na sodiamu ikishuka mzee anachanganyikiwa na kupepesuka, wala CT haitaonyesha kitu.

Kabla ya kuwaza mrija kichwani: mkojo upimwe kama kuna maambukizi, sodiamu na potasiamu, kreatinini (ya figo), sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende. Miguu kuwaka moto inaweza kuwa B12 yenyewe, au kisukari. Presha apimwe amelala, kisha asimame, irudiwe ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mmepata sababu moja ya kuanguka.

Amitriptyline msiikate wenyewe ghafla, daktari aipunguze.

#12 Mafinga
Filamu, nimekuelewa kuhusu albendazole, nashukuru. Ila hoja ya nguruwe wanaozurura bado ipo. Kijiji kisicho na vyoo hakimalizi tegu hata watu wakiacha kula nyama.

#13 Mwakaleli
Mafinga anatetea hoja huku sahani ya kitimoto iko pembeni.

#14 Mafinga
Ndizi na nyama iliyoiva mpaka ndani, mkuu. Isiyobakiwa na wekundu.

#15 Sokomatola
Turudi kwa bibi. Kuna mstari umenikosesha amani: alianguka wiki 2 KABLA ya kipimo. Angalieni namba za Filamu kule #3. Damu mbichi ni 50 hadi 80, lakini haibaki hapo, inapoteza takriban 1 hadi 1.5 kila siku. Kati ya wiki ya 1 na ya 3 inafikia 35 hadi 45, sawasawa na ganda la ubongo. Damu iliyokaa chini ya utando wa ubongo kipindi hicho inafanana rangi na ubongo wenyewe na inapita machoni mwa msomaji. Ubongo uliosinyaa unaacha nafasi, vimishipa vinavyovuka utando vinavutika, kuanguka kidogo tu kunavichana.

"Mstari wa kati haujasogea" hainiridhishi. Damu ikiwa pande zote mbili, zinasukumana na mstari unabaki palepale.

#16 Filamu Nyeusi
Sokomatola, hoja nzito. Namna ya kuitafuta: mifereji ya ubongo kwa kawaida inafika mpaka karibu na fuvu. Ikikatika kabla, ukaona ukanda laini usio na mifereji kati yake na mfupa, hapo kuna kitu. Badilisha mwonekano kwenye programu: ule wa kawaida wa ubongo ni upana 80 kitovu 40, kwa namba zilezile za #3. Panua mpaka upana 200 kitovu 75 hivi, ukanda mwembamba kando ya mfupa utajitenga.

Ila kuna linalokupinga. Damu ya kiasi cha kuleta dalili hizi inabana vyumba vya maji, haivipanui. Na dalili zilianza miezi kabla ya kuanguka.

#17 Sokomatola
Usahaulivu ulianza miezi kabla. Kuchanganyikiwa kwa usiku je? Mleta mada hajasema kulianza lini. Damu inaweza kukaa juu ya ugonjwa wa zamani. Kipimo kirudiwe bila dawa ya mshipani ikiwa amezidi kuwa mzito, anasinzia mchana, au kichwa kinamuuma. Kufikia wiki ya 3 na kuendelea damu hiyo inakuwa nyeusi kuliko ubongo na kila mtu ataiona. Ikipatikana, kutoboa fuvu tundu moja au mawili na kuitoa ni upasuaji ambao hata wazee sana wanaustahimili. Kwa rufaa ya aina hiyo MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wanafanya.

Na Isyesye, ile aspirini 75 isubiri hili lijibiwe.

#18 Isyesye
Nakubali kwa aspirini. Presha haisubiri.

#19 Mjukuu wa Masoko
Ndaga fijo (asanteni sana) wote. Kuchanganyikiwa usiku kulianza baada ya kuanguka, na mama anasema ndicho kipindi alichoongezewa amitriptyline kutoka 10 hadi 25. Kwa hiyo Ruanda na Sokomatola wote mna haki. Nimepima kwa kipimo cha Uwemba nikapata 0.34. Mifereji ya juu sijui kuisoma. Je, tumtake daktari aandike MRI, kile kipimo cha sumaku? Mjomba anasema CT ilikuwa kupoteza hela.

#20 Kihesa
CT haikuwa hasara. Kwa chokaa CT inaona kuliko MRI, na kwa damu mbichi ni haraka na haihitaji mzee atulie muda mrefu. MRI ina nguvu kwenye kiharusi cha siku za karibuni, kuonyesha kwa usahihi ule weusi wa mishipa midogo, vitone vya damu ya zamani, na hipokampasi. Mzee anatakiwa alale bila kutikisika kama dakika 20 hadi 40 ndani ya mashine yenye kelele, na anayechanganyikiwa anaweza asiweze. Kabla ya yote semeni kama ana kifaa cha moyo, chuma kwenye jicho, au vyuma vya upasuaji wa zamani.

Maswali ya Ruanda yajibiwe kwanza, ni ya maabara ya kawaida. MRI ifuate.

#21 Forest Mpya
Nyongeza kuhusu CD. Ndugu wengi wanapiga picha filamu dirishani na kuituma WhatsApp. Daktari wa mbali hapati kitu: picha inabanwa, namba za #3 zinapotea, na kati ya vipande zaidi ya 30 anapokea 4. Nakili folda nzima ya CD kwenye kompyuta, ibane iwe faili moja, itume kama waraka au kwa barua pepe. Programu ya bure ya kufungulia ni Weasis, RadiAnt nayo ina toleo la majaribio. CD isipofunguka rudini idara ya mionzi wachome nyingine mapema, maana picha hazitunzwi kwenye mashine milele.

Fomu ya kuombea kipimo nayo muhimu. Ikiandikwa "kichwa kinauma" tu, msomaji wa picha atajibu kwa ujumla. Ikiandikwa "miaka 78, ameanguka wiki 2 zilizopita, kuchanganyikiwa kumezidi, tafuta damu chini ya utando", macho yake yanakwenda kulekule. Kipimo kikirudiwa hakikisheni hilo, na mpeni na CD ya zamani alinganishe.

Mzee wa 60 na zaidi pia, piteni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kuulizia msamaha KABLA ya kulipa. Mkishalipa, kurudishiwa ni safari ndefu.

#22 Igawilo
Kumbukumbu yenyewe amepimwa na nani? Picha haziwezi kusema anasahau kiasi gani. Kuna kipimo kifupi cha IDEA kilichotengenezwa Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma. Anatajiwa maneno na kuyakumbuka baadaye, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hakuna kuchora saa wala kuandika. Ombeni afanyiwe kwa lugha anayoota nayo, kama ni Kinyakyusa basi Kinyakyusa, asubuhi akiwa ameshakula. Akifanyiwa usiku au akiwa na homa, majibu hayana maana.

#23 Uwemba
0.34, na Kihesa bado anasema kusinyaa. Sawa. Kuna jaribio la kusaidia kuamua: kutoa maji ya uti wa mgongo mililita 30 hadi 50 na kumwangalia anavyotembea kabla na baada.

#24 Sokomatola
Si kabla ya damu ya chini ya utando kuondolewa kwenye hesabu. Ukitoa maji chini wakati juu kuna damu, unaweza kuivuta izidi.

#25 Uwemba
Hilo nakubali, picha irudiwe kwanza. Lakini mwendo rekodini kuanzia sasa, kabla dawa hazijabadilishwa, maana mkipunguza amitriptyline na kushusha presha kwa pamoja hamtajua kilichosaidia ni kipi. Chora mstari wa mita 10 uwanjani pasipo na utelezi, mtu mmoja atembee pembeni yake bila kumshika ila akiwa tayari kumdaka. Video ichukuliwe kwa mbele na kwa ubavu, viatu alivyozoea. Hesabuni hatua na sekunde, na akifika mwisho ageuke mwenyewe. Kugeuka kwa hatua nyingi ndogondogo na miguu iliyotanuka ndiko daktari atakakotaka kukuona. Rudieni saa ileile kwa siku 3, mzee mmoja hatembei sawa kila siku.

#26 Ruanda
Na andikeni alichomeza kila siku ya video, dawa na saa.